Mzee Yungali Hai, Mbona Mwagawana?

Umewahi, msomaji, kumshika mzazi wako kidole gumba ukakibonyeza kwenye wino ili kitie alama katika karatasi asiyoielewa? Mimi nimewahi. Kwa muda mrefu sikumwambia mtu jambo hili. Leo nalisema kwa sababu najua ziko nyumba nyingi humu nchini ambamo pedi ya wino imewekwa tayari mezani.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, nyumbani kwetu Voi. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kakangu mkubwa alikuwa ametandaza karatasi mezani, naye dada yetu alishika taa ya simu kwa kuwa stima zilikuwa zimepotea. Mimi, kitinda mimba, ndiye niliyetumwa dukani kununua wino.

"Natia sahihi ya nini, mwanangu?" Baba aliniuliza.

"Ni ya hospitali, Baba," nikamjibu.

Ulikuwa uongo. Karatasi ile ilikuwa hati ya kumpa kakangu mamlaka juu ya akaunti ya Baba ya benki, vyumba vyake sita vya kupangisha na shamba lake kule Mwatate.

Kabla hujanihukumu, niruhusu nikueleze tulivyofika hapo.

MTU WA DAFTARI

Babangu alikuwa karani wa stesheni za reli kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa mtu wa daftari. Kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka aliiandika kwa kalamu ya wino wa bluu, kisha akatia alama ya vema pembeni. Mpangaji aliyelipa kodi alipewa risiti hata kama ni jirani tuliyekuwa tukichota maji naye.

Mnamo 2021 alipatwa na kiharusi. Alipona kiasi cha kutembea kwa mkongojo, nasi tukamshukuru Mungu. Hatukujua kwamba mwili ulikuwa umerudi bila ya akili yote.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Alimdai mpangaji mmoja kodi ya mwezi uliokwisha kulipwa. Alisahau nambari yake ya siri ya M-Pesa, akaibahatisha mpaka simu ikafungwa. Siku moja Mama alifungua mkebe wa unga akakuta humo noti za shilingi 17,000, na Baba akaapa hajawahi kuziona.

Majirani walinong'ona kwamba karogwa. Daktari alitueleza mambo tofauti. Kiharusi kilikuwa kimeharibu sehemu za ubongo, na sasa kumbukumbu na uwezo wa kupima mambo vilikuwa vikififia. Ugonjwa huo huitwa dimenshia. Si uchawi, wala si uzee wa kawaida tu.

Wakati huo akiba ya Baba yote ilikuwa benki. Pensheni iliingia huko, na kodi ya wapangaji, shilingi 21,000 kila mwezi, iliingia huko pia. Mwenye kutia sahihi alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe. Mama, aliyeishi naye miaka 49, hakuwa na mamlaka ya kutoa hata shilingi moja.

Dawa zilipanda. Deni la hospitali likafika shilingi 180,000. Tulichanga, tukakopa, tukachoka. Ilhali pesa za mgonjwa mwenyewe zilikuwa zimelala mahali tunapopaona kwa macho.

Tulimpeleka Baba benki kwa teksi. Sahihi yake haikufanana na ile ya zamani. Meneja akatuita ofisini, akamsalimia kwa heshima, kisha akamuuliza anahitaji nini.

"Nauli ya kwenda Mtito Andei," Baba akajibu. "Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili."

Meneja alifunga faili polepole. Akatuambia kwamba mzee haelewi analolitenda, kwa hivyo hawezi kumpa pesa hizo, na wala hawezi kutupa sisi. Twende mahakamani.

Tulitoka pale tukimlaani. Leo nakiri kwamba mtu yule alikuwa akimlinda babangu kuliko sisi wanawe. Kama angetupa pesa zile kwa sababu tu tulikuwa tumemshika Baba mkono, angempa pia yeyote mwingine ambaye angekuja amemshika mkono.

NJIA ZA MKATO

Mahakama ilitutisha. Tulidhani ni ya wezi na ya watu wanaogombania mipaka. Kwa hivyo tukatafuta njia za mkato, kama wafanyavyo wengi.

Kwanza tulikwenda kwa chifu, akatuandikia barua kwamba sisi ndio wana wa mzee huyo na kwamba mzee ni mgonjwa. Barua ilikuwa ya kweli tupu, lakini haikuwa na nguvu ya kufungua akaunti ya mtu.

Kisha kakangu akakumbuka kwamba Baba alikuwa ameandika wosia zamani. Tukautoa sandukuni tukishangilia. Kumbe wosia hauna kazi yoyote mwenyewe akiwa bado anapumua! Sheria ya urithi huanza kufanya kazi mtu akishafariki. Kabla ya hapo hakuna mrithi, kuna watoto tu.

Ndipo tukafikia ile hati na ile pedi ya wino.

Nilikuwa nimekwisha kukichovya kidole cha Baba. Kilikuwa cheusi, kinatetemeka mkononi mwangu, kimebakisha inchi mbili kufika kwenye karatasi. Mama akatoka jikoni. Hakupiga kelele. Alipiga magoti mbele ya Baba, akashika pembe ya leso yake, akaanza kumfuta wino ule taratibu mpaka kidole kikatakata.

Kisha akatugeukia. "Huyu hajafa," akasema. "Mkitaka kugawana, ngojeni kwanza nimzike."

Hakuna aliyemjibu. Kakangu alikunja karatasi zake akatoka nje. Mimi nilibaki na pedi ya wino mkononi.

Baadaye wakili mmoja aliniambia kwamba karatasi ile haingetufaa hata kidogo. Mtu asiyeelewa anachotia sahihi hawezi kumpa mwingine mamlaka yake. Na hata ile hati ya mamlaka ambayo mtu aliitoa zamani akiwa na akili timamu, kwa kawaida hukoma nguvu yake pindi akili inapomtoka. Kwa maneno mengine, hati hiyo hufa wakati ule ule inapohitajika zaidi.

SHERIA INASEMAJE?

Ipo sheria, msomaji, na imekuwapo kwa muda mrefu. Ni Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyopitishwa mwaka wa 1989. Kifungu cha 26, kama kilivyoandikwa awali, kiliipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamuru nani asimamie mali ya mtu ambaye maradhi ya akili yamemfanya ashindwe kushughulikia mambo yake, na nani awe mlezi wake. Pasipo na jamaa anayefaa, mahakama iliweza kumkabidhi kazi hiyo Mdhamini wa Umma.

Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2022. Bunge liliongeza humo haki za wagonjwa wenyewe, ikiwamo haki ya kutambuliwa mbele ya sheria kama mtu mwingine yeyote. Jambo hilo lilikuwa deni. Mwaka wa 2008 Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika kifungu chake cha 12 unasema kwamba mtu hapotezi utu wake wa kisheria kwa sababu ya ulemavu, bali anastahili kusaidiwa aweze kuutumia. Katiba yetu ya 2010 nayo inasema kila mtu ana heshima ya asili. Haikusema kila mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Wakili alitueleza yanayohitajika. Mwombaji huandika ombi na hati ya kiapo, akataja mgonjwa ni nani, ana mali gani, na jamaa zake ni akina nani. Ripoti ya daktari ni lazima, na iseme waziwazi mgonjwa anaweza nini na hawezi nini. Bila ripoti ombi halina miguu. Watu wa karibu, yaani mke au mume na watoto, huelezwa ili anayepinga apinge mapema.

Hapo kwenye kupinga ndipo nyumba yetu ilipowaka moto.

Kakangu mkubwa alitaka awe msimamizi kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba. Dada alisema Kaka ana madeni, na kwamba shamba la Mwatate lingeuzwa kabla ya mwezi kwisha. Kaka akamwambia dada kwamba yeye ameolewa, hivyo anyamaze. Nilimwona Mama akimtazama mmoja kisha mwingine, na katika zogo lile lote hakuna aliyemuuliza anaonaje.

Kaka alikuwa na mpango mwingine pia. Alitaka Baba ahamishiwe Nairobi akae kwake, na nyumba ya Voi iwekwe wapangaji. Sikusema kwamba alikuwa na nia mbaya. Alikuwa amelipa bili nyingi kuliko sisi sote na alikuwa amechoka. Lakini mchovu akiona njia fupi humsahau aliyembeba mgongoni.

Hatimaye tuliwasilisha ombi kwa majina mawili, la Mama na langu, awe Mama mlezi na mimi nimsaidie kusimamia mali. Kaka aliandika hati ya kiapo ya kupinga.

"MZEE MWENYEWE YUKO WAPI?"

Siku ya kusikizwa tulifika Mahakama Kuu ya Voi tukiwa tumevaa nguo za kanisani. Mawakili walianza kuzungumza. Walizungumza juu ya akaunti, vyumba na ekari. Jaji alisikiliza kwa muda, kisha akawasimamisha kwa mkono.

"Mzee mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Baba alikuwa ameketi nyuma na mpwa wangu, akila ndizi. Wakaleta kiti mbele. Jaji alishuka katika lugha ya sheria akazungumza naye kwa Kiswahili cha kawaida, kama mtu aliyekutana na mzee chini ya mti.

Alimuuliza jina lake, Baba akalitaja sawasawa. Alimuuliza ni mwaka gani, Baba akasema 1984. Alimuuliza mkate ni bei gani, akasema shilingi nne. Alimuuliza ana pesa kiasi gani benki, akatabasamu tu. Kakangu aliinamisha kichwa. Mimi nilihisi aibu, kana kwamba Baba anavuliwa nguo mbele za watu.

Kisha Jaji akamwonyesha Mama. "Huyu ni nani, Mzee?"

"Ni mke wangu."

"Ungependa kukaa wapi?"

Baba hakusita hata kidogo. "Nyumbani, na huyu. Hawa watoto wanataka kunipeleka mbali. Mimi sitaki."

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za Nairobi. Tulikuwa tumezizungumza mbele yake kwa miezi, tukidhani tunazungumza mbele ya kiti.

Jaji aliandika jibu hilo. Nililiona kalamu ikienda. Na hapo, msomaji, ndipo nilipoelewa jambo ambalo wakili alikuwa amejaribu kunieleza nikaliona la kitabuni. Kushindwa kuhesabu fedha si kushindwa kila kitu. Mtu anaweza asijue mwaka wala bei ya mkate, lakini akajua anampenda nani na anataka kulala wapi. Mahakama inapoamua kwamba mtu hawezi kusimamia mali yake, haijaamua kwamba hana tena la kusema juu ya maisha yake.

MALI BILA DAFTARI

Uamuzi ulitoka baada ya wiki kadhaa. Mama alifanywa mlezi, na sisi wawili tukafanywa wasimamizi wa mali. Baba akae nyumbani kwake Voi, kama alivyotaka.

Kakangu alidhani tumeshinda, na mimi nami, kwa haya nasema, nilidhani hivyo. Wakili alipotusomea amri yote tukajua kwamba hakuna aliyeshinda ila Baba.

Msimamizi hawezi kuuza, kutoa zawadi, kubadilishana wala kuweka rehani ardhi ya mgonjwa bila idhini maalumu ya mahakama. Hawezi hata kuikodisha kwa zaidi ya miaka mitano bila idhini hiyo. Haruhusiwi kuingiza pesa za mgonjwa katika biashara ambayo yeye mwenyewe ana maslahi ndani yake. Na katika miezi sita tangu kuteuliwa anapaswa kupeleka mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali yote, pesa zilizopokewa na madeni yaliyopo. Baada ya hapo ni hesabu kila mwaka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nilikwenda sandukuni nikatoa daftari la mwisho la Baba. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechafuka, tarehe zimepandana, jumla hazijumlishiki. Niligeuza ukurasa mpya nikaanza kuandika chini ya mwandiko wake.

Pesa zilipofunguliwa tulilipa deni la hospitali. Tulimwajiri mwanamke jirani amsaidie Mama mchana. Tuliziba paa la vyumba viwili vilivyokuwa vikivuja. Shamba la Mwatate liko pale pale, linalimwa mahindi na pojo.

Haikuwa rahisi. Ilichukua muda wa miezi minane tangu tuwasilishe ombi hadi benki ilipokubali amri, na mawakili hawali mchanga. Kakangu hakuja nyumbani Krismasi ile. Alirudi mwaka uliofuata, nikamwekea daftari mezani bila yeye kuomba. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho akaniuliza mbona dawa za Juni zilikuwa ghali. Nikamwonyesha risiti. Tangu siku hiyo husoma kila akija, na mara mbili amegundua makosa yangu. Afadhali ndugu anayekagua kuliko ndugu anayenuna.

LA KUFANYA MAPEMA

Nimeyasimulia haya, mpenzi msomaji, si kwa kuwa nyumba yetu ni mfano mwema. Ungeuliza pedi ya wino ingekupa habari zetu. Nimeyasimulia kwa sababu wazee wetu wanaishi miaka mingi kuliko wazee wao, na akili, kama magoti, huweza kuchakaa kabla ya moyo. Wala si wazee peke yao. Ajali ya bodaboda yaweza kumtendea kijana wa miaka 25 yale yaliyomfika babangu.

Tahadhari kabla ya hatari. Ikiwa wazazi wako bado wana fahamu zao, kaa nao uwaulize ni nani wangependa awashikie mambo yao wakishindwa, na wangependa kuishi wapi. Waandike. Wakienda benki, wafikirie kama yuko mtu wa kuaminika wa kutia sahihi pamoja nao. Mke asiachwe nje ya akaunti ambayo jasho lake limo ndani yake.

Na kama maji yamekwisha mwagika, usitafute wino. Mtafute daktari aandike ripoti ya kweli, kisha nenda Mahakama Kuu. Waite ndugu wote, hata yule msiyeelewana naye, hasa yule. Na utakapokwenda, nenda na mgonjwa mwenyewe, au angalau nenda na neno lake.

Zaidi ya yote, kumbuka unachoomba. Huombi kurithi. Unaomba kutumwa na mwenye mali ambaye hawezi tena kukutuma kwa mdomo wake. Kila utakapofungua mkoba wake, jiulize kama angekuwa anakutazama ungefanya hivyo.

Wangu ananitazama kweli. Jumapili nikiwa nyumbani huketi naye dirishani nikamsomea hesabu za mwezi. Sijui anasikia kiasi gani. Mara nyingine huniuliza kama wapangaji wamelipa, nami humwambia wamelipa, Baba. Mara nyingine husinzia.

Mwezi uliopita nilimaliza kusoma nikafunga daftari. Akanyosha mkono akaomba kalamu. Nilifungua ukurasa ule nikamwelekezea. Alitazama tarakimu kwa muda mrefu, kisha pembeni akatia alama ya vema, kama zamani.

Alama ile haina uzito wowote mbele ya sheria, nami sikuihitaji. Lakini safari hii alikuwa ameishika kalamu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amemdanganya.